Mumbi na Filamu ya Nyota Moja

"Zima hiyo takataka," Sydney alisema.

Mumbi hakuzima. Alikuwa anacheka mpaka machozi, laptopu iko magotini, kwenye kochi la mama yake Sydney huko Ahero. Filamu ilikuwa ya Waingereza. Mzee mmoja mchoyo amejifanya amekufa ili aone watoto wake watamlilia vipi. Sasa amejificha kabatini, amebanwa na chafya, na wanawe wanapigania viatu vyake.

"Wakosoaji wote wameiponda," Sydney alisema. Kazi yake ilikuwa kuchambua filamu mtandaoni, na Kisumu nzima ilimjua. "Mimi mwenyewe nimeipa nyota moja."

"Najua, nilisoma. Lakini inachekesha."

"Inachekesha watu gani, Mumbi?"

Mumbi akapunguza sauti ya laptopu. Walikuja Jumamosi ili Mumbi atambulishwe kwa ukoo, Mto Nyando ukafurika, na sasa maji yalikuwa mlangoni. Lakini hata kungekuwa kukavu, angeenda wapi? Harusi ilikuwa Desemba na kadi zilishagawanywa. Kwa miaka miwili alikuwa amejifunza kuangalia uso wa Sydney kwanza kabla ya kucheka.

Dorca, mama yake Sydney, akatoka jikoni, akapangusa mikono.

"Mnacheka nini?"

"Upuuzi tu, Mama," Sydney akajibu.

Dorca akakaa karibu na Mumbi, Mumbi akawa anamtafsiria. Mzee alipopiga chafya katikati ya mahubiri ya mazishi yake, mchungaji akaruka dirishani.

"Woi! Huyo ni shemeji yangu Opondo kabisa!" Dorca alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Sydney akasimama mlangoni, simu mkononi.

Baada ya muda kidogo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mumbi. Ulitoka kwa dada yake, Shiku.

"Umeona alichopost Sydney???"

Mumbi akafungua. Ilikuwa video yake mwenyewe, mdomo wazi, akicheka. Juu yake Sydney ameandika: "Nimefungiwa na mafuriko na mchumba anayechekelea filamu ya nyota moja. Niombeeni, hii ndoa itakuwa ndefu." Watu walikuwa wanamiminika kumcheka.

"Sydney, umenirekodi?"

"Ni mzaha tu, beib. Followers wamependa."

"Kwa hivyo mimi nikicheka ni aibu, lakini nikichekwa ni sawa?"

"Acha drama. Barabara imefungwa. Utaenda wapi?"

Akatabasamu. Katika lile tabasamu Mumbi akaona maisha yake yote ya ndoa.

Dorca akachukua simu ya Mumbi, akaitazama video mpaka mwisho.

"Baba yake alinikataza kucheka mbele ya wageni," akasema. "Nikazoea. Leo nimesikia sauti yangu nikashtuka."

"Mama, tafadhali," Sydney akasema.

"Nyamaza, naongea na mtoto wangu." Akamrudishia Mumbi simu. "Trekta ya skimu ya mpunga inabeba watu mpaka kwenye lami mchana huu. Ukitaka kwenda, nitakusindikiza. Ukitaka kukaa, kaa kwa sababu umependa, sio kwa sababu ya maji."

Mumbi akafunga laptopu. Akabeba begi lake kichwani, akapandisha sketi, wakaingia majini wakiwa wameshikana mikono.

Walikuwa karibu na trekta simu ilipolia.

"Mumbi, nimeifuta. Rudi tuongee."

"Niambie kitu kimoja. Hiyo filamu, wewe hukucheka hata mara moja?"

Sydney akashusha sauti. "Nilicheka. Pale kwenye chafya nilicheka sana. Lakini wenzangu walikuwa wameshaiponda. Ningeandika nini?"

"Nilikupenda, Sydney."

"Basi rudi!"

"Hapana. Wewe unaogopa hata kicheko chako. Changu utakiweka wapi? Waambie watu wako hakuna harusi."

Akakata. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Dereva akamvuta juu, akampa nafasi kati ya magunia.

Dorca alikuwa bado amesimama kwenye maji, yamemfika magotini.

"Ukifika, piga simu," akamwambia. "Na usimpigie yeye. Nipigie mimi."