Injini Iliyoshushwa

Rafiki yangu fundi aliletewa na kaka na dada gari la spoti la zamani, mali ya marehemu baba yao, likiwa na kibali cha mihuri mitatu cha kubadili injini.

"Baba alikataza lisiguswe," dada mtu alisema.

"Baba hakujaza fomu," kaka mtu akajibu. "Injini yake ipeleke kwenye chuma chakavu."

Fundi akaishusha sakafuni, kavu, bila tone la mafuta. Mchana huo umeme ukakatika, gereji ikawa giza tupu. Kwa mazoea tu, akasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, akabandika sikio kwenye mpini, kama anavyozipima zote.

Ilikuwa ikinguruma polepole.

Kisha, nyuma yake gizani, mlango wa gari ukafungwa taratibu, na mtu ndani yake akakanyaga pedali ya mafuta.