Msomaji wa Jumamosi

Mpima ardhi mstaafu, jirani yetu wa nyumba ya pili, alikuwa mtu wa vipimo. Chai aliinywa saa kumi na mbili na nusu, viatu alivipanga kwa mstari, na alipofiwa na mkewe aliandika nyuma ya kalenda ya jikoni: Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hakuongeza neno. Wala hakuna aliyemwona akilia.

Miezi saba baadaye, Jumatatu asubuhi ya kawaida kabisa, alichukua bahasha iliyokuwa imelala mezani wiki nzima, akaenda nayo ofisi ya kodi. Barua ilisema marehemu hakukamilisha ritani zake, zile taarifa za mapato ya kila mwaka, kwa miaka sita. Zisiporekebishwa kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba ingezuiwa, kwa kuwa hati ilikuwa kwa jina la mke. Ni nyumba waliyoijenga pamoja, chumba baada ya chumba. Sasa binti yake alikuwa amerudi humo na watoto wawili, hana pengine pa kwenda.

Mama wa dirisha la nne, miwani kwenye ncha ya pua, alipekua kompyuta yake.

"Mshahara wa ualimu uko sawa, mzee. Kilichorukwa ni kazi ya pili."

"Mke wangu hakuwa na kazi ya pili."

"Alikuwa nayo. Kusoma vitabu kwenye studio, wanarekodi kwa ajili ya wasioona. Kila Jumamosi saa tisa alasiri."

Mpima alihesabu kichwani. Kwa miaka sita, kila Jumamosi saa tisa, mkewe alimwambia yuko kwa dada yake, wanasukana nywele. Malipo yaliingia kwenye akaunti yao ya pamoja, na mambo ya benki alikuwa amemwachia mkewe tangu walipooana.

Yule mama aliteremka hadi chini ya orodha. Akavua miwani.

"Ulisema alifariki lini?"

Akamtajia, mpaka dakika.

"Basi marehemu wako ana bidii kutushinda sisi wote," alisema, akijaribu kucheka. "Orodha ya mwajiri inafika juzi Jumamosi."

Kicheko chake hakikufika mbali.

"Kuna mtu anakula kwa jina la mke wangu," alisema mpima.

"Basi nenda ukamkamate, kisha urudi tufunge faili."

Jumamosi alifika studio saa tisa kasorobo. Ilikuwa juu ya duka la kuchapa kadi, mwisho wa korido yenye harufu ya karatasi. Fundi mitambo alikuwa mwanamume mnene asiyeona tangu kuzaliwa. Wenzake walimwita Sikio.

"Mrefu, kisigino cha kushoto kimelika," alisema fundi kabla mgeni hajabisha hodi. "Nakusaidia nini?"

"Mimi ni mume wa mwalimu anayesoma hapa."

"Shemeji! Miaka sita ananifichia mume! Anasema ukijua utampimia dakika za kusoma. Alitaka amalize kwanza kitabu hiki kikubwa, ndipo akulete usikilize. Haya, keti. Anaingia sasa hivi."

Mpima alikaa. Aliyekuwa mbele yake hakuwa mwizi. Fundi hakuwa na habari, basi. Nani angempelekea habari za msiba, wakati nyumbani hakuna aliyejua kama kuna studio?

Nyuma ya kioo kulikuwa na meza, taa, maikrofoni na kitabu kilichofunguliwa katikati. Na kiti. Mlango wa chumba kile ulikuwa mmoja tu, na mpima alikuwa ameketi kando yake.

Saa tisa. Hakuna aliyeingia.

Fundi alibonyeza kitufe, akatabasamu. "Leo umechelewa dakika moja, mwalimu."

Mshale wa mashine, ule unaopima sauti, ukaruka.

Kiti kilikuwa kitupu. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda. Ukurasa wa kitabu ukainuka taratibu, ukalala upande wa pili.

Fundi alimpa hedifoni za pili. Mpima alizivaa kwa mikono miwili.

Vikohozi viwili vifupi, cha pili chepesi kuliko cha kwanza. Alikuwa amevisikia miaka thelathini na minne, kila mkewe alipotaka kuanza kusema jambo. Kisha ile sauti, tulivu, inasoma.

Ikakatika.

"Fundi, nani yuko na wewe hapo?"

"Mumeo," alinong'ona fundi. "Nisamehe, nimekuharibia mshangao wako."

Kimya. Halafu pumzi. Pumzi ya karibu mno, kana kwamba mdomo uko ndani ya hedifoni.

"Mwambie asitie sahihi."

Mshale ukalala.

"Sahihi ya nini tena?" aliuliza fundi. Mpima alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Jumatatu alirudi dirisha la nne. Hakuwa amelala siku mbili.

"Umempata mwizi?"

"Hakuna mwizi."

Yule mama alimtazama kidogo, akasogeza fomu. "Nipe tarehe moja tu ya kuacha kazi. Ukiandika juzi Jumamosi, itabidi wachunguzi waingie, na nyumba inazuiwa. Ukiandika siku ya kifo, nafunga leo hii."

Mpima alielewa, au alidhani ameelewa. Mkewe alikuwa anaziombea Jumamosi zake. Kufunga faili ni kumwondoa kwenye kile kiti. Lakini tarehe ni tarehe, na maishani hakuwahi kuandika ya uongo. Aliandika: Jumanne, siku ile, mwezi ule.

"Sasa zinabaki Jumamosi thelathini na moja baada ya hapo," alisema yule mama.

"Hizo si zake."

"Kipato hakikai hewani, mzee. Kimeingia kwenye akaunti, na mwenye akaunti aliyebaki ni wewe. Nakuandikia wewe: kazi ya pili, msomaji. Tia sahihi hapa, mambo yaishe."

Mwambie asitie sahihi.

Kalamu ilisimama. Mpima alivikumbuka viatu vidogo vya wajukuu, jozi mbili, mlangoni.

Akatia.

Jumamosi iliyofuata alikuwa jikoni na binti yake. Nyumba ilikuwa salama, barua ya kutodaiwa ilikuwa kabatini. Saa ya ukutani ilifika saa tisa.

"Baba, nikuongezee chai?"

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Baba?"

Midomo ilicheza. Koo lilicheza. Sauti haikuwepo.

"Baba, acha utani. Unanitisha."

Alimshika binti yake mkono, akaubana. Hivyo hivyo, saa nzima. Saa kumi kamili sauti ilirudi, kavu na iliyochoka, kama ya mtu aliyesema mfululizo bila maji. Simu ikaita. Binti aliiweka sauti ya juu.

"Shemeji, hongera!" Alikuwa fundi. "Kumbe nawe una sauti ya kitabu! Kurasa kumi na tisa hukukosea hata neno. Ila mwambie mwalimu asiwe analia nyuma yako. Inaingia kwenye rekodi."

Mpaka leo, ukipita kwa mpima Jumamosi alasiri ukamsalimia, anakuitikia kwa mkono. Anakaa kibarazani, macho chini, midomo inacheza. Na kila baada ya muda kidogo anakilamba kidole gumba, anafunua kitu ambacho wewe hukioni.