Upepo Upo, Umeme Haupo

Umeme ulikatika fundi akiwa katikati ya kuchomelea geti la mteja. Akavua miwani, akatoka nje ya karakana. Upepo ulikuwa mkali, lakini kule kilimani mitambo ya upepo ilikuwa imesimama kimya.

"Wanatufanya wajinga," alimwambia mkewe. "Upepo wote huu, mapanga hayazunguki. Kuna mtu anakula hapo."

"Hilo dogo, baba watoto. Njoo uone kilichoota kwenye mahindi."

Shambani kulikuwa na vigingi vyekundu, vimepangwa mstari. Kimoja kilikuwa karibu kabisa na kisima chao. Fundi hakuuliza. Aling'oa cha kwanza, akashika cha pili.

"Kaka, acha kwanza," jirani yao aliita kutoka ng'ambo ya ua. Dada huyo alifanya kazi kituo cha kupoza umeme.

"Niache nini? Umeme mmetunyima, sasa mnataka ardhi. Na wewe ni mtu wao."

"Ni mtu wao, sikatai. Ila nijibu. Mashine yako ya kuchomelea ukiiunga kwa waya wa redio, itakuwaje?"

"Waya utaungua."

"Basi njia yetu ya umeme ndiyo huo waya wa redio. Mitambo imeongezwa, njia haikuongezwa. Upepo ukizidi, mingine inazimwa ili nyaya zisiungue. Zikizidiwa hata hivyo, umeme unakatika. Njia kubwa hujengwa kwa miaka, ilifaa ipangwe kabla ya mitambo. Sasa ndipo wanapima, na vigingi hivi ni vya kupimia. Bado hawajaamua."

"Mbona hawakutuuliza?" mke wa fundi alisema.

"Hapo walikosea. Kesho kuna mkutano wa kijiji kuhusu njia hiyo. Nendeni mkaseme kisima kiko wapi. Mkinyamaza, watapita hapa hapa."

Fundi alikwenda shingo upande. Aliuliza maswali mpaka watu wakaguna. Mpimaji akaja shambani, akatembezwa na mke wa fundi, akakiona kisima. Njia ikahamishiwa kandokando ya barabara. Fidia ya mazao yao machache yaliyoguswa ikakubaliwa mbele ya watu wote kabla shimo la nguzo ya kwanza halijachimbwa.

Njia ilipokamilika hatimaye na kuwashwa, mapanga yalizunguka upepo ukivuma, na karakana ikafanya kazi mpaka jioni.

Juzi fundi alisikia kwamba bondeni patajengwa mitambo ya jua. Asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya mipango, mkewe kando yake.

"Habari ya mitambo tumeipata," alisema. "Njia yake mmeipanga?"