Kibati cha Mtoto Mchanga

Mshumaa wa Pasaka ndio uliowakutanisha. Ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, umefungwa utepe wa waridi na kisungura cha kitambaa, na Mirsini alikuwa ameukumbatia kifuani akijipenyeza kwenye foleni ya basi la kwenda bandari ya Rafina, siku ambayo nusu ya Athene ilikuwa inahama kwenda kula Pasaka kwao. Dereva akapiga honi, watu wakasukumana, na ncha ya mshumaa ikaingia sikioni mwa kijana aliyekuwa mbele.

"Aa! Dada, ungengoja kwanza nife ndipo uniwashie mshumaa!"

"Samahani! Samahani sana. Ni wa mtoto wangu wa ubatizo."

"Ana bahati huyo. Mimi mama yangu wa ubatizo aliniletea soksi." Akageuka, mkono sikioni, akamwona msichana aliyeiva mashavu kwa aibu, gauni la kijani limekunjamana, nywele zimemponyoka kwenye kibanio. Maumivu ya sikio yakapungua. "Naitwa Stratis. Fundi wa lifti. Huyo sungura anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Basi tumpe. Safari ni ndefu."

Walikaa kiti kimoja, mshumaa katikati ya magoti yao kama mtoto aliyelala. Walipofika Rafina sungura alikuwa amepoteza sikio moja, na Stratis alikuwa na namba ya simu ya Mirsini.

Pasaka nyingine ikaja na kupita, na penzi lao likakua hadi majirani wakazoea pikipiki ya Stratis chini ya dirisha la Mirsini. Lakini kabla ya hiyo Pasaka ya pili, daktari mmoja mwenye sauti ya upole alimkalisha Mirsini na kumwambia kwamba kupata mtoto kwake kungekuwa jambo gumu, pengine lisiwezekane. Mirsini alimwambia Stratis peke yake, kwenye benchi la bustani, huku akikodolea macho viatu vyake.

"Kama unataka kuondoka, ondoka sasa," alimwambia. "Usingoje nizoee."

"Niondoke niende wapi? Mimi nilimpenda mwenye mshumaa. Sikuulizia mtoto."

"Usimwambie mtu. Hata dada yangu Lukia sijamwambia. Niapie."

"Naapa, mboni yangu."

Kwa hiyo Septemba, walipofunga mizigo kwenda kutembea visiwani, Andros kwanza kisha Tinos, kwa basi na feri tu kwa sababu Stratis alidai gari huwagombanisha wapenzi juu ya ramani, Mirsini alikuwa mtu mwepesi moyoni. Alinunua kofia ya ukili na gauni jeupe lenye vifungo vya bluu. Hakutaka kingine duniani ila kulala kwenye bega la Stratis huku feri ikiyumba.

Simu ikalia kabla Rafina haijapotea machoni.

Stratis akaitazama, akainuka, akaenda kusimama upande wa pili wa sitaha, mgongo kwake. Aliporudi alikuwa amebeba kahawa mbili baridi ambazo hakuna aliyeziagiza.

"Nani?"

"Kazini. Lifti ya mtaa wa Kipseli imekwama tena."

"Jumapili?"

"Lifti hazijui Jumapili, mpenzi."

Mirsini akacheka, lakini kicheko kikaishia njiani.

Kule Andros walipanda basi hadi mji mkuu wa kisiwa, wakatembea kwenye njia ya marumaru hadi inapoishia baharini, wakapigana picha, wakala mayai ya kukaangwa na viazi na soseji yaliyoletwa yakiwa bado yanachemka kikaangoni. Kila kitu kilikuwa kizuri, ila simu ya Stratis ilikuwa mezani kifudifudi. Hakuwahi kuilaza hivyo. Ilipotetemeka, aliacha uma na kuifunika kwa kiganja.

Stratis alipokwenda kunawa, Mirsini akampigia Lukia.

"Simu kifudifudi?" Lukia akaruka. "Simu si samaki wa kukaanga, mbona aigeuze?"

"Anasema ni kazini."

"Ana jasho akisema?"

"Kuna jua, Lukia."

"Mdogo wangu, wewe unaweza kumtetea mwizi aliyekwishavaa viatu vyako. Fungua macho. Sikusema ugombane, nimesema fungua macho."

Mirsini akayafungua, na tangu hapo hakuweza kuyafumba. Kwenye feri ya kwenda Tinos aliona jinsi Stratis alivyokuwa akigusagusa mfuko wa pembeni wa begi lake, kama mtu anayehakikisha kwamba pasipoti yake bado ipo. Jioni, chumbani kwao juu ya bandari, alitoka bafuni kimya na kumsikia kwenye roshani.

"Ndiyo, ninacho. Hapana, hajui. Nimeshasema hajui! Kesho asubuhi, nitakwenda peke yangu. Haya. Nakubusu na mimi."

Mirsini akarudi bafuni, akafungulia maji ya moto, akakaa pembeni ya beseni la kuogea hadi vioo vyote vikaingia ukungu.

Asubuhi Stratis akasema anakwenda kununua sambusa za jibini. Alichelewa mno. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kupiga madirisha. Mirsini alijiambia kwamba anatafuta mafuta ya jua tu, akafungua ule mfuko wa pembeni. Haukuwa na mafuta. Ulikuwa na leso ya kiume iliyokunjwa vizuri, na ndani ya leso kulikuwa na kibati cha nadhiri, cha kutundikwa kanisani, kinang'aa kama sarafu mpya, kimechorwa mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo hadi kidevuni.

Mirsini alikuwa amekulia katikati ya vibati hivyo. Bibi yake alipeleka kanisani chenye macho mawili babu alipoanza kupofuka. Shangazi alipeleka chenye mguu. Kibati cha mtoto hakuna asiyejua hubebwa na nani: hubebwa na mwenye mtoto mgonjwa, au mwenye mtoto njiani. Na huko juu, mwisho wa barabara inayoanzia bandarini, ndiko kuliko kanisa la Mama Bikira ambako watu wa Ugiriki yote huleta maombi yao.

Stratis ana mtoto njiani. Wazo lilimjia zima, halikubisha hodi. Mwanamke wa simu. "Hajui." Alikunja leso mistari ileile, akairudisha, akajipaka midomo rangi.

Stratis aliingia na sambusa zilizopoa, uso umemsawajika.

"Mbona umechelewa?"

"Foleni."

Laiti mwenzake angelijua ni foleni ya wapi! Lakini Mirsini hakuuliza, na Stratis hakusema, na wote wawili wakala sambusa wakisifu jibini.

Walikuwa wamepanga kwenda Pirgos, kijiji cha wachonga marumaru, kwa basi. Kiti cha mbele yao aliketi bibi mmoja mwenye nguo nyeusi, begi dogo mapajani, na juu ya begi vipande viwili vya sponji vyenye mikanda, vile wanavyofunga magotini wanaopanda kwenda kanisani kwa magoti. Aliwaambia, bila kuulizwa, kwamba anakwenda kula chakula cha mchana kwa binamu yake, na jioni atatimiza nadhiri. Basi likapanda mlima. Minara ya njiwa, myeupe, imetobolewa kama lesi, ikapita dirishani.

"Anaitwa nani?" Mirsini aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mama wa mtoto."

Stratis akageuka. "Mtoto gani?"

"Yule uliyemfunga kwenye leso."

Rangi ikamtoka Stratis kana kwamba mtu ameimwaga. "Umepekua begi langu?"

"Nimepekua. Na wewe umenifanya mjinga tangu Rafina. Mwanamke huyo amekupigia mara ngapi? 'Hajui, hajui.' Sasa najua. Nipe jina tu."

"Mirsini, si hapa."

"Hapahapa."

Bibi wa mbele akasema bila kugeuka, "Endeleeni tu, wanangu. Mimi sisikii vizuri."

"Ni mama," Stratis akasema.

"Ndiyo, mama wa mtoto. Jina!"

"Mama yangu! Ni mama yangu anayepiga!"

"Mama yako ana mimba?"

Mabega ya bibi wa mbele yakatikisika. Stratis akajifunika uso kwa viganja, na maneno yakatoka kupitia vidole.

"Nilimwambia. Ile wiki ya daktari. Alinikuta jikoni kwake nalia, nimeshika kitunguu ambacho sikukimenya, akanibana mpaka nikasema. Akanunua kibati. Akasema nikupeleke Tinos, nikitundike mbele ya picha takatifu, nisikuambie usije ukaumia. Anakuombea, Mirsini. Hakuna mwanamke mwingine. Hakuna mtoto wa mtu."

Alidhani amelimaliza. Alidhani sasa atamwona akipumua. Lakini Mirsini alikuwa ameganda, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

"Kumbe anajua."

"Anakupenda."

"Kila Jumapili nimekaa mezani kwake. Ananijazia sahani, ananishika shavu. Nilidhani ananipenda bure. Kumbe alikuwa ananihurumia."

"Mpenzi..."

"Uliniapia, Stratis. Sikukuomba kingine. Afadhali ungekuwa na mwanamke! Ningejua la kufanya." Akainuka, akamgonga dereva begani. "Nishushe."

"Hapa hakuna kituo, binti."

"Nishushe hivyohivyo. Na wewe, Stratis, ukinifuata nitapiga kelele, watu wote hawa wasikie."

Akashuka kando ya mnara wa njiwa, gauni jeupe likijaa upepo, akangoja basi la kurudi. Ndani ya lile lililoendelea, bibi aligeuka hatimaye na kumtazama Stratis kutoka juu hadi chini.

"Ama kweli, mwanangu," alisema, "kitunguu kimekuponza."

Mirsini alirudi chumbani, akafunga begi lake, akashuka bandarini, na bandarini akakuta mlango wa ofisi ya tiketi umefungwa. Upepo ulikuwa umefika kiwango cha tisa; feri zote zilipigwa marufuku kuondoka. Watu waliketi juu ya mizigo yao wakilaani na kumenya machungwa. Yeye akaenda kukaa mbali nao, kwenye ukingo wa barabara ya kanisani, pale linapoanzia zulia jembamba la wapandao kwa magoti, karibu na vibanda vya mishumaa na vibati.

Alitaka kukasirika, na alikasirika. Lakini kila hasira ilipofika kooni iliikuta picha ya Stratis ameshika kitunguu kisichomenywa. Alikuwa amelia. Kwenye benchi alimchekesha, kisha akaenda kulia mahali ambapo yeye hangeona. Hilo nalo lilimuuma, kwa namna nyingine.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi aliposikia jina lake. Stratis alikuwa akishuka barabara kutoka kanisani, akienda kinyume na waumini wote, shati limemganda, nywele zimevurugwa na upepo. Alisimama mbali kidogo naye, kama mtu aliyeambiwa asikanyage palipodekiwa.

"Asubuhi sikwenda kununua sambusa," alisema.

"Najua. Ulikwenda kanisani."

"Nilikwenda. Nikapanga foleni hadi mbele kabisa. Kibati nilikiacha begini; nilitaka kumwomba Bikira kwa mdomo tu, na mdomo ukakataa." Akatoa leso, akamwekea mapajani. "Ningewezaje kumwomba kitu ambacho wewe hukuniambia nikuombee? Nikarudi. Sasa hivi nimepanda tena, nikatundika changu."

"Chako kipi?"

"Nilinunua viwili vinavyofanana, ili uone." Akafungua kiganja. Kibati kilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke wamesimama, mataji ya harusi vichwani. Hawakuwa na mtoto mkononi wala miguuni. Walikuwa wao wawili tu, na bati kubwa tupu kuwazunguka. "Sikuomba zaidi ya hapa. Nilikosa, Mirsini. Siri ilikuwa yako, nikaigawa. Ukipanda feri kesho sitakulaumu. Lakini kabla haijaja..."

Akapiga magoti palepale, juu ya zulia.

"Mwanangu!" sauti ikaita kando yake. Alikuwa yule bibi wa kwenye basi, kwa magoti, sponji zimefungwa imara, anapanda polepole na uso umelowa jasho. "Umegeuka vibaya. Kanisa liko huku juu!"

"Najua, bibi. Nadhiri yangu mimi iko huku."

Bibi akamchungulia Mirsini, akamtambua, akaketi juu ya visigino vyake ili asikose kitu.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwa Stratis. Hakuigusa. Mirsini akanyoosha mkono, akaichukua, akasoma jina kwenye kioo, akapokea.

"Mama, ni Mirsini. Hapana, yuko hapa, ni mzima. Mama, nisikilize. Kibati ninacho mimi. Siku nikitaka nitakitundika mwenyewe, nisipotaka sitakitundika." Akaibana simu sikioni. Upande wa pili kulikuwa na kilio cha kujizuia. "Najua. Najua, mama. Ila siku nyingine ukitaka kuniombea, niulize kwanza. Usimtume huyu, hajui hata kudanganya. Haya. Jumapili tutakuja."

"Tutakuja?" Stratis akadakia.

"Nyamaza, bado nimekasirika."

"Utakasirika mpaka lini?"

"Nitakasirika hadi harusini, na kidogo baada ya hapo. Na siri yangu ukiigawa tena, nitakukwamisha ndani ya lifti yako mwenyewe."

"Ina maana ni ndiyo?"

Mirsini akamrudishia simu. Alikuwa akitazama magoti ya Stratis kwenye zulia lile gumu, lililochakazwa na magoti ya watu wengi kuliko mawimbi ya bandarini. Bibi akakosa subira, akaanza kufungua mikanda ya sponji zake.

"Chukua zangu, mwanangu. Jibu lake linaelekea kuchelewa."

Mirsini akacheka, na safari hii kicheko kikafika mwisho. Akavua kofia, akalikusanya pindo la gauni jeupe, akashuka kutoka ukingoni na kupiga magoti mbele ya Stratis, uso kwa uso, mgongo wake kwa bahari.

"Na wewe pia?" bibi akauliza.

"Na mimi pia, bibi. Pita tu, tutakufuata."