Walisema Nimekonda, Nikala Hadi Kidole Kikaoza

Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Kachibora katika familia ya Wakikuyu, nikaolewa na Wafula, mtu wa Bungoma, na tunaishi Kitale ambako nauza mitumba. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyasimulia bado yananitia baridi mwilini.

Miaka michache iliyopita niliambiwa nina ugonjwa wa sukari. Nililia, kisha nikaamua kupambana. Kila alfajiri nilitembea na jirani yangu, Mama Brian, hadi nje ya mji na kurudi. Soda niliiaga. Ugali ukawa kipande kidogo, sahani ikajaa mboga za majani, managu, kunde na mrenda. Sketi zikaanza kunipwaya, na daktari alipopima damu alinipongeza. Nilijiona mshindi. Kumbe!

Baba mkwe wangu akafariki, tukaenda Bungoma kumzika. Huko mwili wa mke ndio ushahidi kwamba analishwa. Akikonda, watu hawamuulizi yeye, wanamkodolea macho mumewe. Wakichoka na mume, wanaanza kudokeza ule ugonjwa usiotajwa jina. Nilipokuwa naosha vyombo niliwasikia wanawake wakinong'ona, nao wakanyamaza nilipogeuka. Kesho yake wamama wa kanisa walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na kukemea mauti. Niliogopa... mbona waniombee kana kwamba nimeshakufa?

Mama mkwe alinivuta kando ya jikoni. "Mama Nekesa, hii mwili imeenda wapi? Watu wanasema kijana yangu anakunyima chakura."

Nikamweleza habari za sukari. Akatikisa kichwa. "Sukari ni ya wazee, bana. Wewe kura tu."

Lakini aliyeniumiza zaidi ni Wafula. Yeye alijua kila kitu, maana tulikuwa pamoja siku daktari aliponieleza hali yangu. Tulipokuwa tunarudi Kitale aliniambia kwa upole kwamba amechoka kutazamwa vibaya na watu wa kwao. Akaniomba niweke mwili kidogo tu, hadi maneno yaishe. Nikakubali. Ni mke gani anayependa kumwaibisha mumewe?

Hicho kidogo kikawa chapati, chai ya maziwa iliyokolea sukari, ugali sahani nzima. Mama Brian alibisha mlango wangu alfajiri mpaka akachoka, akawa anaenda peke yake. Tuliporudi Bungoma kwa ukumbusho wa mzee, wale wanawake walinishangilia, ati sasa Wafula ana mke. Niliona raha, Mungu anisamehe.

Viatu vipya nilivyovaa siku hiyo vilinichubua kidole cha mguu, na sikuhisi chochote, maana sukari ilikuwa imenitia ganzi miguuni. Niliona tu damu kwenye soksi... Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Kidole kikawa cheusi kama mkaa. Daktari alisema lazima kikatwe, na ule weusi ukipanda, mguu nao utafuata.

Je, mmewahi kuogopa kiungo cha mwili wenu wenyewe? Kila muuguzi alipofungua bandeji nilifumba macho, nikingoja kusikia kwamba weusi umepanda. Nekesa, kifungua mimba wangu, aliniuliza kama nitakufa.

Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Wafula alilia mbele ya wauguzi. Nimemsamehe, ingawa kuna siku namtazama tu na hasira inanipanda upya.

Kurudi barabarani kulikuwa kugumu kuliko kuanza. Nilisimama mlangoni nikiogopa jiwe, mwiba, hata macho ya watu. Mama Brian hakunilaumu. "Si twende tu mpaka kwa ile duka, turudi," alisema. Tukafika, tukarudi. Siku iliyofuata tukalipita duka. Mboga zangu zikarudi mezani, na sasa sketi zinapwaya tena. Lakini hofu haijaondoka. Kila asubuhi nakagua nyayo kwa kioo kabla ya kuvaa viatu.

Juzi mama mkwe alinipigia simu. Kuna harusi Bungoma, ati nije, lakini nivae nguo nzito ili watu wasione nilivyopungua. Nilimjibu kwa heshima, "Mama, nitakuja hivi nilivyo." Akasema, "Basi nitakupikia mrenda."

Dada zangu, nawasihi, msiache kutembea na kula vizuri kwa sababu ya midomo ya watu. Mkiwa mmeshaacha, rudini leo, hata kama ni hadi dukani tu. Nanyi waume, msiwaombe wake zenu wale ili watu wengine wanyamaze. Afadhali waseme nimekonda nami nikiwasikia, kuliko wausifu unene wangu wakinitupia udongo kaburini.