Neno Lililobaki Pembeni

Jamani, kuna kazi inayomla mtu hivihivi, bila meno. Nzigire, karani wa koperative ya wachuuzi karibu na mpaka wa Rusizi II, aliingia ofisini asubuhi akakutana na harufu ya sambaza wabichi, ilhali humo hamjawahi kuingia samaki. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Akakaa, maana kazi haingoji. Kila asubuhi alibonyeza kitufe, na orodha ya wanachama ikaingia upya kwenye kompyuta kutoka makao makuu: waliojiunga wameongezwa, waliotoka wamefutwa. Pembeni ya kila jina aliandika mwenyewe habari za mtu: kajifungua, mgonjwa, marehemu. Taabu ni kwamba majina yalisogea, maneno yake yakabaki palepale. Ndipo aanze kuyarudisha kwa wenyewe, moja moja, mpaka macho yawashe.

Wiki ile alikuwa amekufa Maman Josiane, muuza sambaza. Nzigire akaandika "marehemu" mbele ya jina lake, akaenda kuzika. Kurudi, makao makuu yamekwisha kumfuta. Jina limetoka, neno limebaki, limemwangukia Papa Harelimana wa mstari uliofuata. Nzigire alikuwa hoi, akasema atarekebisha kesho. Jioni hiyohiyo Harelimana, mtu mzima wa afya, akaanguka mlangoni pake akafa.

Na leo naye amefutwa. Neno lilikaa mbele ya Jolie, mdogo wake Nzigire wa tumbo moja, aliyevuka alfajiri kupeleka nyanya Bukavu.

Nzigire akalifuta. Likarudi. Akalifuta tena, na nyuma ya kiti chake mtu akavuta pumzi nzito ya majimaji, naye hakuthubutu kugeuka, akafuta, likarudi, akafuta, na ile pumzi ikazidi kusogea mpaka akaisikia baridi shingoni, ndipo akaruka akakimbilia ng'ambo ya barabara kwa Maman Védastine, mama wa maombi.

Védastine akaja naye, akasimama mlangoni pa ofisi, kitenge puani.

"Ni muzimu ya Josiane," akanong'ona. "Bamemutosha mu liste, bamemufuta jina, hana tena fasi. Sasa iko inatafuta kwenye itakaa."

"Maman, nifanye nini? Iko kwa Jolie!"

"Funga kila neno na mwenyewe. Isitembee tena."

Njia Nzigire aliijua, uchovu tu ulimfanya aiahirishe. Kila mwanachama alikuwa na namba isiyobadilika. Akaanza kunakili namba pembeni ya maneno yake, mstari kwa mstari, ili tangu leo neno limfuate mwenye namba popote jina lake litakapokwenda. Védastine aliomba kwa sauti ya chini. Nzigire hakusimama. Alipofunga namba ya mwisho, harufu ikakatika.

"Asante Yesu," Nzigire akasema, akalia kwa kuchoka.

"Jaribu," Védastine akamwambia.

Akabonyeza. Majina yakapinduka, na maneno yakakimbia kila moja kwa mwenyewe. Kajifungua kwa aliyejifungua. Mgonjwa kwa mgonjwa. Akamtafuta Jolie.

Marehemu.

Mama wee! Alikuwa ameyafunga maneno kama alivyoyakuta. Kwa haraka hakukumbuka kumrudishia kwanza Josiane mstari wake. Muzimu haukuwa umefukuzwa. Ulikuwa umepewa nyumba.

Akapiga simu, vidole vikikosa tarakimu.

"Yaya?" Jolie akaitika, kama anavyomwita dada yake, nyuma yake honi na kelele za watu.

"Uko wapi?"

"Niko kwa kiraro, kwa daraja ya mpaka, narudi. Mbona unalia?"

"Jolie, usibaki peke yako. Shika muntu mukono, yeyote. Nakuja."

"Niko nachoka tu, Yaya. Miguu imekuwa baridi, sijui ni ya nani." Akacheka kidogo. "Acha nilale hapa chini, kidogo tu."

"Usilale! Jolie! Jolie!"

Simu haikukatika. Nzigire akatoka mbio, simu sikioni, akiita jina la mdogo wake, na upande wa pili wa simu magari yakapita, yakapita, na hakuna aliyemjibu.