Turubai Walipewa Ng'ombe

Injini ya lori ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapanda ukingo, ya nyuma yalikuwa bado ndani ya mchanga wa mto. Mto wenyewe ulikuwa mkavu tangu mwaka uliopita, lakini mvua ilikuwa ikipiga vilima tangu alfajiri, na hakuna mtu wa Kajiado anayeegesha gari kwenye mto mkavu siku kama hiyo akiwa na akili timamu.

Ndulu alijaribu tena. Betri ilikuwa na nguvu, injini ikazunguka vizuri, lakini moto haukushika.

"Imekataa?" aliuliza Naserian, aliyeketi kando yake na kibuyu cha maziwa mapajani.

"Imeshika maji. Nilijua tu."

Na kweli alijua. Lori hilo la petroli alilinunua kwenye mnada wa magari makuukuu ya jeshi, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe kule Kitengela, huku mafundi wenzake wakimcheka mpaka wakachoka. Wacheke tu. Lilikuwa na nguvu za kung'oa mti. Adui yake alikuwa mmoja, unyevu. Boneti ilikuwa imechakaa na kuvuja, kwa hiyo mvua ikinyesha Ndulu huifunga kwa turubai zito, hata akiwa safarini. Turubai lilikuwa moja tu.

Asubuhi hiyo, mbele kidogo ya Bisil, walikuwa wamepakia ng'ombe wanane wa Naserian. Wanane ndio waliobaki katika zizi lililokuwa likijaa hadi mlangoni. Ukame ulikuwa umewaacha mifupa na ngozi, na sasa mvua iliyoombewa makanisani kote ilikuwa imekuja na baridi ya kuwamaliza. Ng'ombe mdhaifu akilowa hulala chini, na akilala haamki. Safari ilikuwa ya kuwafikisha Kitengela, kwa Hillary, kaka yake Naserian, mwenye banda kavu na nyasi.

"Mama Kiilu," Naserian alikuwa amemwambia Ndulu, akimwita kwa jina la mwanawe, "hawa wakinyeshewa, jioni sitakuwa na kitu."

Ndulu hakubishana. Alifungua kamba za boneti, akalitandaza turubai juu ya ng'ombe. "Gari nitatengeneza," alisema. "Ng'ombe nitatengeneza na nini?"

Sasa ilibidi atengeneze. Alishuka kwenye mvua, akainua boneti na kujikunyata juu ya injini ili mgongo wake uwe paa. Alichomoa kifuniko cha distributa, kile cheusi kinachogawa umeme kwa plagi, akakificha ndani ya koti na kurudi kwenye kebini. Ndani ya kifuniko matone yalikuwa yametapakaa.

"Umeme ukikuta maji hapa unapotea," alimwambia Naserian. "Lazima ikauke kabisa. Lete kitambaa."

Lakini hapakuwa na kitambaa kikavu. Shuka, leso, hata soksi, vyote vilikuwa vimelowa chepechepe. Ndulu alipuliza ndani ya kifuniko, pumzi yake ikaongeza ukungu. Akatukana kwa Kikamba.

Naserian alikuwa ametega sikio. Huko juu kulikuwa na mngurumo mzito, usiokatika jinsi ule wa radi unavyokatika.

"Mto unakuja," alisema.

"Uko mbali?"

"Si mbali."

Nyuma yao kwato zilikwaruza mbao. Naserian alichungulia kwenye kidirisha cha nyuma. Mtamba mwekundu, mdogo kuliko wote, alikuwa amepiga magoti ya mbele.

Naserian hakulia. Alifungua mfuko wa ngozi uliokuwa shingoni mwa kibuyu, akatoa kiberiti na vijiti vya mzeituni wa porini. Wanawake wa Kimaasai huvichoma, kisha huzungusha kaa lake ndani ya kibuyu mpaka kikauke na kunukia vizuri, ndipo watie maziwa. Hakuwahi kusafiri bila vijiti hivyo, na hakuwahi kukubali vilowe.

"Nipe hiyo kitu," alisema.

"Itayeyuka, Mama Dennis. Hiyo si kibuyu."

"Kibuyu pia inaungua ukilala. Mimi silali."

Ndulu alimtazama, akampa. Akachukua beleshi la jeshi chini ya kiti na kulilaza sakafuni, na kijiti kikawashwa juu yake, mbali na petroli. Kilipokuwa kaa, Naserian alikiinamisha kifuniko juu ya joto akikizungusha bila kukipumzisha, mkono mwepesi. Tone moja likatoweka, likafuata jingine. Kebini ikajaa moshi mtamu. Mngurumo ulikuwa umekaribia.

"Imekauka. Lakini ukitoka nayo, si italowa tena?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Naserian akatoa kikopo cha mafuta ya kondoo. "Mvua haipiti hapa. Sisi tunajipaka."

Ndulu akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alipaka mafuta ukingo wa kifuniko, akatoka mbio, akafuta nyaya kwa kiganja na kuzipaka pia, moja moja, kisha akafunga boneti.

Maji ya kahawia yalishafika kwenye ekseli. Ndulu akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanguruma. Akaweka gia nzito na kukanyaga bila haraka. Magurudumu yakachimba, yakauma, lori likajivuta ukingoni. Nyuma yao mti mzima ulipita kwa kasi pale walipokuwa wamekwama.

Naserian alipanda nyuma, akamshika mtamba mkia na kumwinua, akamwegemeza kwa mwili wake mwenyewe mpaka Kitengela.

Hillary alifungua banda. Ng'ombe walishuka mmoja mmoja, wamekonda na kuchoka, lakini wote wanane kwa miguu yao. Mtamba mwekundu alishuka wa mwisho, akiyumba. Naserian akamwekea mkono mgongoni, akamtazama Ndulu.

"Pakiteng," alisema.

Ndulu alikuwa ameishi Kajiado miaka ya kutosha kulijua neno hilo. Mmaasai akikupa ng'ombe, jina lako la kawaida linakwisha kati yenu. Mnaitana Pakiteng, wewe na yeye, maisha yote. Alijifuta mikono iliyonuka mafuta ya kondoo, akatazama lori lake kuukuu likinguruma kwenye mvua bila kukohoa, akasikia fahari mpaka machoni.

Hillary alikuwa ameanza kulikunja turubai amrudishie.

"Wacha," Ndulu akamwambia, kisha akamgeukia Naserian. "Pakiteng, mfunike huyo wetu. Nitakuja kuchukua turubai akikauka."